Disketi ya Shemeji

Barua ya kunipunguza kazi ilisema mimi ni mtumishi wa ziada. Miaka kumi na saba nimepiga taipu katika shirika lile la umma, halafu naitwa ziada! Kiinua mgongo changu chote nilikinunulia kompyuta iliyokwisha kutumika, nikaiweka sebuleni kwetu Pasiansi ili nifanye kazi ya kuchapa nyumbani. Mume wangu aliizunguka ile mashine siku nzima. Majirani walicheka waziwazi.

Wakati ule kila mwenye kompyuta pale Mwanza aliwavua watu viatu mlangoni. Tulikuwa tumeambiwa kwamba ugonjwa wa kompyuta unaitwa virusi, na tangu shule ya msingi tulijua kuwa ugonjwa huletwa na uchafu. Basi nami nikawavua watu viatu. Mashine niliifunika kwa kitambaa cha kufuma, kibodi niliifuta kwa pamba na spiriti, na wale wadudu wa ziwani walipokuja kwa mawingu nilifunga madirisha hata kama tunachemka kwa joto.

Aliyenitii kuliko wote alikuwa shemeji yangu, mdogo wake mume wangu, karani katika kiwanda kimoja cha samaki. Kila Jumapili akitoka kanisani alipita kwetu, akavua viatu na soksi pia, akanawa mikono kwa sabuni, kisha akatoa disketi yenye mchezo wa karata kwenye mfuko wa shati, akaiingiza kwenye kompyuta yangu na kucheza. Nilimsifu mbele za watu. Niliwaambia wengine waige mfano wake.

Kazi yangu kubwa ya kwanza ilitoka kwa mwalimu mkuu wa shule moja ya Kirumba, mama mkali asiyejua kuzungusha maneno. Ilikuwa mitihani ya majaribio ya darasa la saba, ya shule sita.

“Nakujaribu,” aliniambia. “Jumatatu asubuhi nisipoona karatasi mezani, narudi kwa wapiga taipu wangu wa zamani, na habari za kompyuta nisizisikie tena.”

Alhamisi, nikiwa katikati ya Hisabati, herufi zilianza kuanguka. Ndiyo, kuanguka. Moja ilichomoka kwenye mstari wake ikateremka mpaka chini ya skrini, ikafuata ya pili, ya tatu, mpaka swali zima likalundikana kule chini kama mchele uliomwagika. Nilizima, nikapiga deki sebule nzima, nikafuta kila kona kwa spiriti, nikawasha. Zikaanguka tena. Nilikaa kwenye sakafu mbichi nikalia kwa hasira, maana niliona wale walioniandika ziada huenda walinijua kuliko ninavyojijua.

Asubuhi yake nilikwenda mjini kwa fundi pekee niliyemfahamu, binti wa duka la vifaa vya ofisi, duka lililoanzishwa na babu yake.

“Shikamoo mama.”

“Marahaba. Mwanangu, kompyuta yangu inaumwa, na hakuna mtu anayeingia na viatu!”

Alicheka mpaka akashika kaunta. “Mama, virusi havina miguu. Ni programu kama programu nyingine, mtu kaitunga makusudi, inajificha ndani ya nyingine na kuhama nayo. Nani anakuletea disketi?”

Akilini nilimwona shemeji akinawa mikono kwa sabuni, na hasira zikanipanda upya.

Binti alinipa disketi ya dawa na kunifundisha. Washa mashine kwa disketi safi. Sogeza kile kiplastiki cha pembeni ili isiandikwe kitu juu yake. Disketi ngeni yoyote ipimwe kabla ya kufunguliwa, hata ikiletwa na askofu. Ijumaa jioni mashine ilikuwa safi na mitihani yangu mizima. Jumamosi nilichapa tangu alfajiri, na mume wangu akasonga ugali mwenyewe, ukawa na madonge, tukaula.

Jumapili printa ilikuwa inanguruma shemeji alipoingia, miguu mitupu, disketi mkononi. Kaleta mchezo mpya. Ndugu wa mume humfukuzi mlangoni, lakini kwa bahati nzuri shemeji ni mtani, na kwenye utani ukweli hupita bila kugonga hodi.

“Shemeji, miguu yako naipenda,” nilisema. “Ila disketi yako ni chafu kuliko choo cha stendi.”

“Mimi? Ninayevua mpaka soksi?”

“Tuipime. Ikiwa safi, nakuchinjia jogoo.”

Nilisimamisha printa, nikaiingiza disketi yake mbele ya macho yake. Mashine ikalia, mstari mwekundu ukatokea: programu tatu, zote zina ugonjwa. Shemeji aliichomoa kwa vidole viwili kama mtu anayeshika mkia wa panya.

“Kazini tunaazimana wote,” alisema polepole.

“Basi huko kwenu ni wodi.”

Jogoo alipona. Jumatatu asubuhi mwalimu mkuu alifunua karatasi moja baada ya nyingine akitafuta kosa, nami nimesimama mbele yake. Akafunga bahasha.

“Muhula ujao zote ni zako.”

Nilirudi Pasiansi kwa miguu, naimba njia nzima, watu wakinigeukia. Sikujali hata kidogo.

Shemeji ndiye aliyenitangaza mjini, kwa mdomo wake mwenyewe. Watu wakaanza kuja na disketi zao kupimwa, kutoka viwandani, mashuleni, hata Buhongwa kule nje ya mji. Siku moja akaingia tarishi wa ofisi yangu ya zamani na bahasha yenye disketi tisa. Mashine zao zote zilikuwa zimelala, na bosi aliomba msaada wa haraka. Nilizipima. Hakukuwa na nzima hata moja.

Nilizitibu zote tisa. Kisha nikamwambia tarishi kwamba bosi aje kuzichukua mwenyewe. Alikuja mchana ule ule, akakuta watu watatu mbele yake, akakaa kwenye benchi kusubiri zamu.