Fomu Thelathini na Moja Zinazocheka

Sabina Mapunda hakuwa mtu wa kutulia kitini, na siku ile, kijijini Mahurunga, alikikalia kiti kama kina upupu. Mezani palikuwa na fomu thelathini na moja, zilizojazwa na watoto wa klabu ya kijiji. Kila fomu ilichorwa sura tatu: inayocheka, iliyonyamaza na inayolia. Mtoto alitia alama kwenye sura inayofanana na moyo wake. Zote thelathini na moja zilicheka.

"Unaona, dada?" alisema Mwalimu Shafii, msimamizi wa klabu. "Watoto wetu wana raha."

Raha walikuwa nayo kweli. Nje waliruka kamba na kuimba mpaka vumbi likatimka. Aliyeikosa ni Sabina. Kwa miaka mitatu shirika lake, lenye ofisi mjini, Chuno, lilimtuma vijijini kupima kama klabu hizi zinawafaa watoto na vijana, na miaka yote mitatu alirudi na sura zinazocheka. Akaandika ripoti, akapongezwa. Leo jambo fulani lilimwasha, asijue ni lipi.

"Naomba daftari la mahudhurio, Mwalimu."

Daftari lilikuwa na majina sitini na manne.

"Hawa wengine wako wapi?"

"Hao waliacha. Wengi ni wasichana, walishachezwa ngoma ya unyago. Fomu ni za wanaokuja."

Sabina alisimama. Gari la kumrudisha mjini lilikuwa tayari linaunguruma. Akamwomba dereva asubiri, akashika njia ya mashambani.

Nyumba ya kwanza hakukuta mtu. Ya pili alimkuta Saida, binti wa miaka kumi na mitatu, akimenya mihogo pamoja na bibi yake.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mwanangu. Karibu."

Sabina hakutoa fomu. Alichukua kisu akamenya nao, vibaya, mpaka bibi akamcheka. Ndipo akamuuliza Saida kwa nini aliacha klabu.

"Nimeshatoka unyagoni, dada. Mimi si mtoto wa kuruka kamba."

"Klabu ilikuwa mbaya?"

Saida aliukazia macho muhogo mkononi. "Ilikuwa nzuri. Ndiyo maana siku hizi sipiti njia ile."

Bibi aliacha kumenya. Alimtazama mjukuu wake kama mtu aliyesikia mlango asioujua ukifunguka nyumbani mwake.

Jioni ile, Sabina aliandika katika ripoti yake kwamba klabu inawapenda wadogo na kuwapoteza wakubwa, na kwamba fomu zake haziwezi kuliona hilo kwa sababu huwauliza waliobaki tu. Bosi wake, Isaya, aliisoma akakunja uso.

"Wafadhili watasema tumeshindwa."

"Tumeshindwa sehemu moja, bosi. Tukiificha tutashindwa zote."

Isaya aliituma, kwa shingo upande. Mwalimu Shafii alinuna wiki mbili, hapokei simu. Kisha akapiga mwenyewe: bibi yake Saida alikuwa amemwendea pamoja na kungwi mmoja, wanataka Alhamisi iwe siku ya mabinti peke yao, bila kamba, wafundishwe cherehani na wapate pa kuzungumza. Alhamisi ya kwanza walikuja saba. Saida hakuwamo. Alikuja ya tatu, akaketi karibu na mlango, akaondoka mapema. Ya nne akarudi.

Isaya alimpongeza Sabina mbele ya ofisi nzima. Yeye aliitikia kwa kichwa tu, miguu ikichezacheza chini ya meza. Alikuwa akiwaza klabu nyingine kumi na moja alizozipa alama nzuri kwa mkono wake mwenyewe, na majina ambayo hakuwahi kuyaulizia.

"Kesho naomba gari," alisema.

"La kwenda wapi tena?"

"Mtawanya. Nitaanza na daftari la mahudhurio."