Majani ya Mkuyu Juu ya Debe

Nakiri leo jambo nililolikana tangu utoto: maji tuliyokunywa nyumbani hayakutoka kisimani. Msumari wenye kutu ukilowa mvua, harufu yake bado hunikumbusha maji yale.

Ilikuwa miaka ya foleni za sabuni, kijijini kwetu Buswahili. Kisima kilikuwa nyuma ya kilima, asubuhi nzima kwenda na kurudi. Kijito kilikuwa karibu, kikitoka kwenye mgodi wa dhahabu ulioachwa zamani. Maji yake yaling'aa kuliko ya kisima, lakini mawe yalikuwa na rangi ya chungwa, na ng'ombe waliyanusa maji tu wakageuka.

"Kama ng'ombe amekataa, wewe ni nani?" Mama alituonya.

Mimi nilijiona nina akili kuliko ng'ombe.

Kila mteka maji alifunika debe kwa tawi ili yasimwagike, na mkuyu uliota kisimani tu. Mama alitazama majani, hakutazama maji. Basi nilivunja matawi ya wiki nzima, nikayaficha mihogoni chini ya gunia lililolowa, nikawa nateka kijitoni.

Kosa langu lilikuwa kurudi mapema.

"Huyu ana miguu ya swala!" Mama aliwatangazia majirani. Tangu hapo safari zote zikawa zangu: maji ya wageni, maji ya uji wa mdogo wangu Magesa. Nikichelewa, ningeulizwa kulikoni. Nikisema kweli, ningechapwa. Magesa akaanza kuumwa tumbo. Mama akazidi kumnywesha. "Kunywa, baba, haya ni ya kisimani." Nilisimama mlangoni nikisikiliza kila funda likishuka.

Alipona, akaugua tena, hivyo hivyo mpaka utu uzima. Mimi nilikwenda chuo kikuu, nikaandika insha kuhusu haki ya maji safi, nikapata A. Fimbo ya Mama ningeimaliza kwa kilio kifupi. Sifa zake ndizo zilizonifunga, na hilo sikulielewa hadi nilipopata watoto wa kuwasifu.

Juzi Magesa akapiga simu. Wataalamu walikuwa wamefika kusafisha kijito, wakipita nyumba kwa nyumba kuuliza nani alikunywa wapi, ili waliokunywa ya kijitoni wapimwe damu.

"Mama kawaambia sisi ni watu wa kisimani. Wametufuta kwenye orodha ya kupimwa. Kesho wanaondoka."

"Magesa, warudishe. Tulikunywa ya kijitoni. Mimi ndiye niliyekunywesha."

Magesa akacheka mpaka akakohoa.

"Dada! Na mimi zamu yangu ilipofika nilikuwaga nateka huko huko. Unafikiri nani alikuwa anapanda kile kilima?"

Nilitaka kucheka naye, nikashindwa. Mama alikuwa amekunywa ya kwetu sote wawili.

"Basi waambie," nikasema.

"Mimi hawanisikii, wanamsikia mwenye nyumba. Wewe ndiye mkubwa, tena msomi. Huyu hapa anaanua mtama. Mama! Shika simu, Dada ana neno."