Ziwa Nililomwahidi Minza

Sisimulii ya kusikia. Haya yalinipata mimi mwenyewe, jua likiwaka, akili zangu timamu.

Ilikuwa miaka ile ya ruksa, biashara ilipofunguliwa. Maduka ya Bariadi yalijaa vitenge na redio, lakini katika wodi yetu ya watoto dawa zilikuwa za kubahatisha. Msimu wa malaria walikufa wengi. Ungefanya nini wewe? Nesi mwenzangu, Kabula, aliwaahidi wali na nyama nyumbani kwake. Mimi niliwaambia, "Ukipona nitakupeleka kwetu Nassa ukaone ziwa." Mtoto anatabasamu, nami napata nguvu ya kwenda kitanda kingine.

Minza alitoka upande wa Mwanhuzi, kwenye ukame. Ziwa hakulijua.

"Maji yote hayo, ng'ombe hawayamalizi?"

"Hawayamalizi."

Damu ya kumwongezea haikupatikana. Alinifia mikononi asubuhi, mama yake akimwita.

Jumapili nikaenda Nassa kumsalimia mama. Mchana nikashuka ziwani kufua. Niamini, sikuwa na homa. Minza alikuwa ameketi juu ya jiwe, miguu majini, amevaa lile gauni la njano nililomvika mwenyewe kabla hatujamkabidhi kwa mama yake.

"Mwadila, mayu," akanisalimia, kama mtoto anavyomsalimia mama yake. "Ni kweli. Hawayamalizi."

Akatazama njia inayotoka barabarani. "Wenzangu nao wanakuja. Wanauliza utatulaza wapi."

Nikageuka. Watoto walikuwa wanashuka, wameshikana mikono. Niliwatambua wote. Niliacha nguo palepale, nikakimbia.

Jumatatu nikamsimulia Kabula. Hakucheka. Aliendelea kukunja mashuka.

"Afadhali wa kwako wako mbali," alisema. "Wangu wanakaa jikoni."

Haukupita muda Kabula akaacha kazi. Kupika pia aliacha. Jirani ndiye aliyekuwa akimletea chakula. Mimi niliomba kuhamishiwa chumba cha macho. Mama alipofariki nilifika kwa basi hadi kituo cha Nassa, nikawaona watoto wale wamejipanga kando ya barabara, wananisubiri. Sikushuka. Walimzika mama bila mimi, na ndugu zangu hawanisemeshi hadi leo.

Wewe unayeanza kazi wodi ya watoto, nakuomba. Mfute mtoto jasho, mshike mkono, nyamaza. Usimtajie mahali. Atakwenda.