Minyoo Haitajwi Asubuhi

Juzi nilimnunulia mjukuu wangu dawa ya minyoo mjini Embu. Kidonge kimoja cha kutafuna, kitamu kama peremende. Akaomba cha pili. Nilimwonea wivu, ndugu msomaji, maana mimi niliinywa yangu bunduki ikiwa mlangoni.

Ilikuwa miaka ya Hali ya Hatari, wakoloni wakiwasaka wapigania uhuru msituni. Kule Kibugu tulikuwa tumeondolewa mashambani na kurundikwa katika kijiji kimoja, mtaro umetuzunguka, na filimbi ya homugadi, mlinzi mwenyeji aliyewekwa na wakoloni, ndiyo iliyotuambia saa ya kuchota maji na saa ya kulala. Msitu tuliuona kutoka mlangoni, lakini aliyeukanyaga alipigwa risasi. Kwa Cucu, nyanya yangu, hilo lilikuwa pigo, kwa kuwa dawa zake zote zilikuwa humo: magome ya mti huu kwa ini, mizizi ya ule kwa homa, na matunda madogo ya mugaita kwa minyoo. Kilichobaki ni kibuyu kimoja cha matunda makavu, kikining'inia juu ya meko na kula moshi.

Matumbo yetu watoto yalipovimba kama ngoma, alikishusha. Akayasaga matunda yote kwa jiwe, akayachemsha katika mchuzi wa mifupa ya mbuzi. Harufu ilikuwa ya karamu; ladha ilikuwa ya adhabu.

Masharti yalikuwa ya kale. Dawa hiyo hunywewa kabla ya jua na kabla ya chakula, watoto wameketi mduara, kibuyu kikizunguka. Na minyoo haitajwi. Ikisikia jina lake, alisema Cucu, inajikunja na kujificha, dawa ikapita bure. Mimi nimesoma chuo kikuu, nikapasua vyura na kupewa cheti, na hadi leo nasita kuitaja kabla ya chai.

Sasa fikiria homugadi anayepita alfajiri na kuchungulia ndani: mduara, kibuyu, kimya. Siku hizo watu walichukuliwa kwa kula kiapo cha wapiganaji wa msituni, na kwa macho ya homugadi kiapo kilikuwa na sura hiyo hiyo. Akasukuma mlango kwa bunduki. Alikuwa kijana wa jirani yetu.

"Cucu, mnawanywesha nini?"

"Dawa."

"Kila anayelishwa kiapo huambiwa ni dawa. Dawa ya nini?"

Cucu akanyamaza. Kijana akatugeukia sisi; tukanyamaza pia, kwa nidhamu ambayo hata walioapa kweli wangeitamani. Akasema atampeleka Cucu kambini. Waliopelekwa huko kutoka kijijini mwetu hawakuwa wamerudi, na mama akaanza kulia. Neno moja lingemwokoa Cucu, naye hakulitoa, kwa sababu kibuyu cha matunda kilikuwa kitupu na hapakuwa na dawa ya kurudia.

"Keti hapo kwenye kigoda," alisema hatimaye. "Jua likitoka utajibiwa. Ukinichukua sasa umeiharibu dawa ya watoto hawa, na mama yako atalijua hilo."

Akaketi. Nadhani ni kwa ajili ya mama yake.

Jua lilipougusa mtaro, tumbo langu liliunguruma nikakimbilia kichakani nyuma ya nyumba. Homugadi akanifuata kama kazi ilivyomtaka, akaangalia kama kazi ilivyomtaka. Sijawahi tena kutoa ushahidi ulioaminiwa haraka vile.

"Ni minyoo," alisema aliporudi, amesawijika.

"Umesema wewe," Cucu akamjibu. "Mimi sikuitaja."

Kisha akamshika kidevu, akamgeuzia uso kwenye mwanga na kumvuta kope la chini. Akamwambia macho yake ni ya manjano, ini linalia, na pombe ya kambini ndiyo inayoliliza. Kijana huyo alikuwa na ruhusa ya kuingia msituni. Baada ya siku chache alirudi na magome aliyoagizwa kwa ajili yake, na mfuko wa matunda ya mugaita ambao hakuna aliyemwagiza. Macho yalitakata, ingawa Cucu alishikilia kwamba nusu ya dawa ilikuwa kuacha pombe.

Kijiji kile kilivunjwa, mtaro ukafukiwa, Cucu naye akazikwa. Hatukumwuliza ni magome ya mti gani. Mimi nilikuwa na vyura wangu. Kichaka kile sasa ni shamba la chai la binamu yangu. Chai ya kona ile hustawi kuliko nyingine yote, naye huisifu mbolea ya dukani. Mimi humwacha aisifu, nikaomba kikombe cha pili.