Maji ya Mboga ya Mama Vitamini

Wifi yangu hajawahi kumuuzia mtu karoti tu. Ukinunua karoti kwake unaondoka na somo la macho. Ukichukua maharage atakuuliza kama nyumbani una limau, maana ukilikamulia juu, mwili unayapata vizuri yale madini ya chuma. Na chai, jamani, chai isubiri chakula kishuke kwanza! Watu wana haraka zao, wameacha vyungu jikoni, yeye anawashika mkono awaeleze kwamba pera lina vitamini C nyingi kuliko chungwa. Soko zima linamwita Mama Vitamini. Mimi nauza vitunguu meza ya jirani, na masomo hayo nimeyasikia mpaka nayaota.

Usidhani ni mpiga porojo. Anayoyasema kayasikia redioni au kliniki, na mengi ni kweli. Kasoro yake ni moja: aliamini kitu kizuri ukikizidisha kinazidi uzuri. Maji ya kuchemshia mboga, kwake, hayamwagwi. "Uzuri wote umo humu," anasema, huku anammiminia mumewe kikombe.

Huyo mumewe ndiye kaka yangu, fundi cherehani, mtu mpole mpaka anaudhi. Alikuwa akiyanywa yale maji ya kijani kimyakimya, halafu anasema, "Asante, mke wangu. Matamu." Matamu! Mtu ambaye utotoni alikuwa akificha mchicha chini ya mkeka!

Basi siku moja kaka akatoka kliniki akasema wamemkuta na presha. "Presha tu," alisema, akarudi kwenye cherehani yake. Wifi akajifunga kibwebwe. Asubuhi ndizi mbivu, mchana parachichi, jioni mchicha na nyanya, na kikombe cha maji ya mboga juu yake. Akanieleza kwamba vyote hivyo vimejaa potasiamu, na potasiamu hushusha presha. Na kweli, hushusha. Kaka akala kila alichowekewa.

Lakini badala ya kupata nguvu, akawa analegea. "Miguu naona kama si yangu," akaniambia. Wifi aliposikia, akaongeza mchicha. Asubuhi moja kaka akaanguka palepale kwenye cherehani, nguo ya mteja bado iko chini ya sindano. Mwenye duka la jirani akaja sokoni mbio kutuita. Wifi aliacha meza, akaacha mizani, hata ndala yake moja ilibaki njiani.

Hospitali tulimkuta amebandikwa nyaya kifuani, moyo unadunda ovyo ovyo. Muuguzi akauliza mgonjwa amekuwa akila nini. Maskini wifi! Alijibu kwa ile sauti yake ya sokoni, kifua mbele, akataja ndizi, akataja parachichi, akataja nyanya na mchicha. "Na maji ya mboga, nesi. Kwangu hayamwagwi hata tone."

Muuguzi akaacha kuandika.

"Mama," akasema taratibu, "huyu figo zake zimechoka. Potasiamu inayomfaa mwingine, yeye mwili wake unashindwa kuitoa. Inajaa kwenye damu, na ikizidi sana inasimamisha moyo." Kisha akamgeukia kaka. "Mzee, si tulikuambia kliniki? Hukumwambia mkeo?"

Kaka akaangalia ukutani.

"Ulijua?" wifi akauliza.

"Nilijua."

"Na ukawa unakunywa?"

"Ulikuwa unanimiminia kwa furaha, mke wangu. Ningeanzaje kukwambia chakula chako kinaniumiza? Nikasema nitapunguza mwenyewe, kidogo kidogo."

"Punguani wewe!" Wodi nzima ikageuka. "Ungenifia mikononi! Ningekuzika huku nadhani nilikuwa nakuponya!" Akakaa sakafuni, na ule mguu wake usio na ndala, akalia kwa kwikwi. Mimi nilitamani nimzabe kaka kofi, zile nyaya ndizo zilizomwokoa. Halafu na mimi nikaanza kulia, maana nilimwonea huruma yule mjinga, na mkewe nilimwonea huruma zaidi.

Mungu akasaidia, dawa zikafanya kazi, moyo ukatulia. Kabla hajaruhusiwa, bibi lishe wa hospitali alikaa na wifi akamfundisha: viazi avimenye, avikate vidogo, aviloweke, avichemshe kwa maji mengi, ayamwage, achemshe tena kwa maji mapya. Mboga vilevile. Wifi, ambaye hanyamazi hata akiwa na tonge mdomoni, alisikiliza bila kuchangia neno.

Siku ya kwanza ya kuyamwaga nilikuwepo. Alisimama na sufuria mbele ya karo, mvuke unampiga usoni, mikono haitaki kuinama. "Wifi, mwaga," nikamwambia. Akamwaga huku ametazama pembeni, kama mtu anayechomwa sindano.

Sokoni bado anafundisha, hilo halitibiki. Ila sasa kabla hajakupimia anakusaili: anayekula ni nani? Anaumwa nini? Daktari wake kamwambiaje? "Na huyo mumeo," anamalizia, "ana tabia ya kusema ukweli?" Wateja wanacheka. Yeye hacheki.

Jioni ya siku ile ya kwanza ya kumwaga, aliandaa kabichi na viazi vilivyochemshwa na kumwagwa maji, bila chumvi. Kaka akatafuna. Akatafuna tena. Wifi alimkodolea macho, kijiko kimesimama hewani.

"Mke wangu," kaka akasema, "hiki chakula kibaya."

Nikashika kichwa. Nikajua leo sahani itaruka. Wifi akaweka kijiko chini, machozi yamemlengalenga.

"Sema tena."

"Kibaya kweli. Hakina ladha hata ya kusingizia."

"Haya," akasema wifi, akajifuta macho kwa kanga, akamwongezea kabichi. "Sasa nimepata mume."