Maji ya Mgeni Katika Kisima Namba Nne

Saa kumi na mbili na nusu asubuhi, Emiliana Msengi anavuta ndoo ya kwanza kutoka kisima namba nne na kuimwaga chini. Anavuta ya pili, anaimwaga. Ya tatu vilevile. Mama Raheli, mwenye kisima, anamtazama kutoka mlangoni.

"Hayo si ungenimwagia kwenye mchicha, mwanangu?"

"Mchicha nao nilikukataza, mama."

Wanacheka, ingawa huo si utani mtupu. Mita mia tatu na hamsini kutoka kisima hicho, upande wa juu wa mteremko, lipo bwawa la majitaka la kiwanda cha ngozi.

Kiwanda hicho, nje kidogo ya Mtinko, kilikuwa mali ya umma hadi kilipofungwa. Mwaka 1995 kiliuzwa kwa mtu binafsi, na mwaka uliofuata kikaanza kazi tena na kuajiri watu sitini. Ngozi hutiwa chumvi, kisha hulowekwa katika dawa ya kromu ili zisioze. Maji yanayobaki huishia bwawani. Kazi ya Emiliana, mwenye miaka 39 na mzaliwa wa Misigiri, ni kujua kama yanabaki humo.

Kila mwezi huchukua maji katika visima sita, na udongo kando ya kila kisima. Udongo huutoa kwa bomba la chuma analoligongelea ardhini kwa nyundo hadi sentimita sitini. Ndoo tatu za kwanza humwagwa kwa sababu maji yake yamekaa. Kwa ya nne husuuza chupa mara tatu, ndipo huijaza. Namba huiandika kwa penseli, kwa kuwa wino hufutika. Sanduku la barafu husafiri kwa basi hadi maabara, Dodoma.

Zamani kazi hii ilikuwa na watu saba. Baada ya watumishi wa serikali kupunguzwa wamebaki wawili, yeye na Anselm, kwa mikataba ya miezi sita sita. Mshahara wake ni shilingi 42,000 kwa mwezi. Baiskeli ni yake mwenyewe.

Kwa miezi minane mwaka jana, kisima namba nne kilikuwa safi kuliko vyote. Kiwango cha juu cha kromu kinachoruhusiwa ni miligramu 0.05 kwa lita. Chenyewe hakikufika hata 0.01. Kiwanda kikazitumia takwimu hizo kuomba kibali cha bwawa la pili, jirani zaidi na nyumba.

Udongo wa pale haukukubaliana na maji. Kila mwezi kromu iliongezeka ndani yake, na Emiliana hakuelewa kwa nini.

Januari, kwa kuhofia barabara kukatika kwa mvua, alifika siku mbili kabla ya siku yake. Kwa kawaida alikuwa akimkuta Mama Raheli ameshamchotea, ndoo iko kizingitini imefunikwa sinia. Safari hii hapakuwa na ndoo.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Mbona umewahi? Maji yako sijayaleta."

"Kuyaleta kutoka wapi?"

"Kisimani kwa Gasto, kule mlimani. Haya yangu si yana chumvi? Wewe ni mgeni, na hao wakubwa wa Dodoma ni wageni zaidi. Nikupe maji machungu ukawape, watatuonaje?"

Kilomita moja na nusu, ndoo kichwani, mara nane. Emiliana anasema alikaa chini kwenye kizingiti.

"Kosa ni langu," anaeleza. "Utaratibu unasema nichote mwenyewe. Lakini mtu wa umri wa mama yangu ameniandalia ndoo, nikaona nikiikataa nitakuwa nimemdharau. Ningeionja tu ningejua."

Siku hiyo alichota mwenyewe. Jibu lilirudi: 0.11, zaidi ya mara mbili ya kiwango. Likabaki suala la takwimu nane zilizokwisha kupigwa muhuri. Mkataba wake unamalizika Juni, na aliyezikosea ni yeye.

Anselm alimkuta akiandika barua. "Dada, kromu imekupanda kichwani? Nani anajishtaki kwa mkono wake?"

"Nisipoandika, bwawa la pili litachimbwa kwa saini yangu."

Barua ina ukurasa mmoja. Inataja tarehe nane, inasema maji ya siku hizo hayakutoka kisima namba nne, na inaeleza sababu bila kumlaumu mwenye nyumba. Uamuzi wa kibali umesimamishwa hadi vipimo vya miezi sita vikamilike. Vya Februari vilisoma 0.12. Kuhusu mkataba wake hajaambiwa neno.

Mama Raheli sasa anakunywa maji ya kwa Gasto. Kabla Emiliana hajaondoka, anamletea kikombe.

"Haya ni yako, ya kunywa. Ya wakubwa umeshajichotea."

Emiliana anayanywa yote, anashukuru, anafunga sanduku kwenye kariya ya baiskeli. Anachoomba katika bajeti ijayo, awepo au asiwepo, ni kisima cha kupimia tu, katikati ya bwawa na nyumba.

"Kisiwe na mwenyewe," anasema. "Nikifika pale, nisikaribishwe na mtu."