Shangazi alipanda mlima vizuri, kushuka ikawa vita: kumbe ni mgongo

Wakuu, heshima kwenu. Siku hiyo kwa daktari, Mbeya, tulikuwa wanne: daktari mwenyewe, Shangazi Semeni, mdogo wangu Festo wa Mbalizi, na mimi. Nikiongeza chumvi, Festo yumo humu, atanisuta.

Shangazi ndiye aliyetulea wazazi walipofariki. Mimi mkubwa niliacha shule darasa la sita, nikalima naye Kilolo, wadogo wakasoma.

Mwaka juzi likaanza jambo la ajabu. Kwenda shambani anapanda mlima ameinama, hana shida. Kushuka sasa! Hatua chache tu miguu inakufa ganzi, anakaa chini.

Mimi nikaona anadeka. Hadi kwenye jumuiya yetu ya kanisani nikamuigiza anavyokaa. Watu walicheka. Naye alicheka.

Tangu hapo hakuniomba tena nimshike mkono. Siku moja nikamkuta anashuka kwa makalio, gauni limechanika.

Nikampigia Festo, kesho yake mimi na Shangazi tukapanda basi kwenda Mbeya.

Daktari akamuuliza, "Mama, kupanda na kushuka, kipi kinakutesa?"

"Kushuka, mwanangu. Ila huyu anasema naigiza."

Festo akanigeukia. "Kaka, umesikia?"

Picha aliyopigwa ikaonyesha njia ya mishipa ya fahamu kiunoni imekuwa nyembamba. Akiinama inapata nafasi, akinyooka inabanwa.

Kusikia upasuaji tukaogopa. Mtaani wanasema ukipasuliwa mgongo hutembei tena. Daktari akasema kwa Shangazi atachana sehemu ndogo tu, aweke kipande kidogo cha chuma katikati ya mifupa miwili, kiiachanishe. Akasisitiza kwamba si kila mgonjwa kinamfaa.

"Nikipooza mtanibeba," Shangazi akasema, akininyooshea kidole. "Wewe utashika upande mzito."

Alikubali, akapasuliwa. Kesho yake alisimama mwenyewe.

Miezi miwili baadaye, daktari alipomruhusu, akashuka kutoka shambani kwa miguu yake, mimi nikiwa nyuma nahema. Nililia, wakuu. Mzigo wa miaka miwili ulinitoka kifuani.

Nilichojifunza: mzee akisema anaumwa, muulize anaumwa akifanya nini. Usimjibie.

Nimemwomba radhi tukiwa wawili jikoni. Akasema yameisha.

Kwangu hayajaisha. Nilimfanya kichekesho mbele ya jumuiya nzima, na jumuiya bado sijaiambia neno. Jumamosi zimepita tatu, nakaa, naimba, narudi nyumbani. Aliyewahi kusimama mbele za watu kwa jambo kama hili, aniambie alianzaje.